Ughaibuni au Ugenini? Neno kwa Mshairi Anayekwenda Kusoma Mbali

Kila mwaka, kuanzia Agosti hivi, katika nyumba za Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Kinondoni hufanyika maagano. Kijana wa nyumba amepata nafasi ya kusoma nchi za mbali. Jamaa hukusanyika uani, dua huombwa, pilau hupakuliwa, na begi hupimwa kwa mzani wa kuazima ili lisizidi kilo za ndege. Miezi miwili mitatu baadaye, ikiwa kijana huyo ni mpenzi wa ushairi, shairi lake la kwanza kutoka huko huwafikia wenzake. Nimeyasoma mengi ya namna hiyo, na mengine nimeyatunga mwenyewe, hata naweza kuyakisia kabla sijayafungua. Ili nisimtolee mfano mtu mwingine, natunga hapa ubeti mmoja wa aina hiyo:

Niko mbali ughaibu, baridi inanichoma,
Sina rafiki karibu, moyo wangu wanihama,
Napata nyingi taabu, ninamkumbuka mama,
Ewe Mola wa thawabu, nirudishe kwetu hima.

Mizani imetimia, vina vimekaa, kituo kimefunga. Mwalimu wa arudhi hana la kusahihisha. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba ubeti huu una kasoro kubwa kuliko kukosa kina: hausemi mtu huyu yuko wapi. Baridi hiyo yaweza kuwa ya Moscow, yaweza kuwa ya Toronto, yaweza hata kuwa ya Njombe mwezi wa Julai. Ubeti kama huu angeweza kuutunga mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni kuvuka Daraja la Kigamboni.

Sidhani kwamba kasoro hiyo inatokana na uvivu wa watunzi wetu. Nadhani kwa sehemu kubwa inatokana na neno tulilolichagua kuitia jina hali hiyo, yaani "ughaibuni".

Tulitazame neno lenyewe. Shina lake ni ghaibu, tulilolipata katika Kiarabu, nalo linabeba maana ya kutokuwapo, kutoonekana. Aliye ughaibuni ni asiyekuwapo. Asiyekuwapo wapi? Asiyekuwapo hapa, kwetu, uani kwa mama yake. Neno linamtazama msafiri kutoka mlangoni pa aliyebaki. Linahesabu nafasi yake iliyo wazi kwenye mkeka wa nyumbani, wala haliulizi huko alikofika ameketi kwenye mkeka gani. Basi mtunzi anayejiita mtu wa ughaibuni amekwisha kujieleza kwa kutokuwapo kwake, na haishangazi kuwa mashairi yake huwa orodha ya vitu visivyokuwapo: hakuna jua, hakuna ndugu, hakuna wa kumwambia hodi. "Diaspora", neno wanalolipenda maofisa, halitusaidii zaidi, maana linamgeuza mtu kuwa kundi.

Tunalo neno jingine, la Kibantu na la zamani: ugenini. Mgeni hawezi kuwa mgeni hewani. Sharti awe na mahali alipofika, na mahali hapo pawe na mwenyewe. Kiswahili, kwa hekima yake, hakikutenga neno moja la mtu wa kukaribishwa na jingine la mtu asiyejulikana. Wote wawili ni wageni, na wote wawili wana haki na wajibu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama heshima. Anayepewa jembe ameonyeshwa na shamba. Ametoka katika hesabu ya wanaotazamwa, akaingia katika hesabu ya walio nyumbani.

Tofauti ya maneno haya mawili niliionja katika mji ninaoujua, kwa hiyo nitatolea mfano huo. Nilitoka Tandika kwenda kusoma Bayreuth, mji mdogo wa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, wenye wakazi wapatao 75,000. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ya Temeke peke yake ikiwa na watu 1,346,674. Maana yake, kwa hesabu ya vichwa, Bayreuth inaingia Temeke zaidi ya mara 15. Walimwengu wanaujua mji huo kwa ajili ya Richard Wagner, ambaye jumba lake la opera lilifunguliwa huko mwaka 1876. Wapenzi wa Kiswahili wanaujua kwa sababu nyingine: tangu mwaka 1987 wataalamu wa lugha yetu wamekuwa wakikutana huko katika Kongamano la Kiswahili, na kwa siku chache katika mwaka, korido za chuo kikuu hujaa Kiswahili cha kila lafudhi.

Lakini mwanafunzi haishi katika kongamano. Siku zangu zilizobaki zilikuwa za chumba kimoja, jiko la kushirikiana, na ukimya ambao mtu aliyezaliwa karibu na soko la Tandika hakuwahi kuusikia maishani. Nilifanya kama wengine. Nilinunua daftari nikaanza kulia kwa mizani nane nane. Usiku mmoja nilimsomea mama shairi kwa simu, beti kumi na mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimesikia unalia, mwanangu. Sasa niambie, unakaa na nani? Na hicho chumba, dirisha lake linatazama wapi?"

Sikuwa na jibu ndani ya shairi. Beti kumi na mbili zilikuwa zimepita, na mama yangu hakupata hata dirisha la kumwona mwanawe. Nilikuwa nimemweleza habari za mtu asiyekuwapo nyumbani, jambo alilokuwa akilijua kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyekuwa akikitazama kitanda kitupu. Tangu usiku ule nilianza kuhesabu yaliyokuwapo.

La kwanza lilikuwa karani. Ujerumani, mtu akihamia makazi mapya, hutakiwa afike ofisi ya mji ndani ya wiki mbili akiwa na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba, ili anwani yake iandikwe. Bila hati anayoitoa karani huyo, kufungua akaunti ya benki na mambo mengine mengi huweza kukwama. Baadhi ya wanafunzi wenzangu waliona huo ni usumbufu wa kipolisi. Mtoto wa Temeke alipaswa kutabasamu. Huyu si mjumbe wetu? Nani kati yetu hajatumwa serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, akaulizwa anakaa nyumba ya nani na mjumbe wake ni nani? Ni kweli kwamba wa kwetu ana benchi la mbao nje ya ofisi na pengine anamjua bibi yako, na wa kule ana namba za foleni na hamjui mtu. Lakini swali ni lile lile, unakaa kwa nani, nalo ndilo swali la mama. Nilikwenda ofisi ile nikatoka na karatasi yangu, nikarudi chumbani kutunga ubeti juu ya upweke. Shairi lilikuwa limekaa mbele yangu nyuma ya meza, limevaa miwani, likinisubiri nitaje jina la mtaa, nami sikuliona.

La pili lilikuwa Jumapili. Jumamosi ya kwanza sikununua kitu, nikitegemea kesho nitashuka gengeni. Jumapili maduka ya kule hufungwa, na mji mdogo hutulia kama nyumba yenye msiba. Nilikula mkate mkavu na chai ya rangi. Kosa lile dogo lina ushairi mwingi kuliko machozi yote ya daftari langu, kwa kuwa limeweka mizani kati ya miji miwili: mmoja uliokubaliana kupumzika siku moja, na mwingine ambako hata saa nne usiku utapata nyanya za fungu na mafuta ya kupima. Sisemi ni upi bora. Nasema anayeishi katika mmoja huku akiubeba mwingine ameshika mkononi kitu ambacho mshairi aliyebaki nyumbani hana, naye analia kwamba hana kitu.

Yapo na madogo zaidi. Kule chupa nyingi tupu hurudishwa dukani na mtu akapewa fedha yake. Mtoto aliyewahi kutumwa soda na kuambiwa "usisahau chupa" anaijua sheria hiyo tangu hajaanza darasa la kwanza. Unapopita mto wao, Main Mwekundu, unakumbuka kuwa nasi tuna Mto Mzinga, ambao wengi wetu tunaupita kila siku tukiwa ndani ya daladala bila kuutazama. Ugenini humfundisha mtu kutazama, na akishajifunza huko, huyatumia macho hayo hayo akirudi kwao.

Hata lugha yenyewe ilinichekesha. Mtoto wa Mbagala anayetua Ujerumani ameyabeba kinywani maneno mawili ya Kijerumani bila kujua: shule na hela. La kwanza ni Schule yao. La pili ni Heller, sarafu ndogo iliyotumika katika koloni lao. Walioyaleta hatukuwaalika, na walikaa kwa mabavu. Lakini maneno yenyewe tuliyapa jembe. Leo hakuna mama wa Temeke anayesema "hela ya shule" akahisi kwamba ametamka neno la kigeni. Lugha yetu, kwa hiyo, inajua jinsi ya kumfanya mgeni awe mwenyeji. Nashangaa kuona watunzi wake wakishindwa kufanya kwa nafsi zao kile ambacho lugha yao hukifanya kila siku kwa maneno.

Wala hatukuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia mpaka Urusi na Siberia, na simulizi yake ilichapishwa na Carl Velten katika kitabu Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hakuwa mwanafunzi, na hakuwa na uhuru tulio nao sisi. Lakini aliisimulia nchi ile ya theluji kwa Kiswahili cha zamani zake, na macho yake yalikuwa huko alikokuwa. Hakungoja lugha ipewe msamiati wa Siberia ndipo aseme.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, bado ndicho tunachokitaja tunapogombana juu ya vina, naye alikuwa mwanafunzi mgeni. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda kusoma dini Rabwah, mji mdogo wa Pakistani kando ya mto Chenab, ambao wakati huo ulikuwa haujatimiza hata miaka 10 tangu kuanzishwa mwaka 1948. Mtu wa Ujiji katika mji mchanga namna ile, mbali na kila aliyemjua! Alirudi, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Aliyekuwa mgeni wa kimji akawa mwenyeji wa jiji zima.

Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, alisoma Madison, Wisconsin, mji uliokaa kati ya maziwa, akapata shahada yake ya uzamivu mwaka 1985. Sidai kwamba maziwa yale yaliingia katika mashairi yake. Nakumbusha tu kwamba diwani aliyoitoa baada ya kurudi, mwaka 1988, aliipa jina Karibu Ndani, na hayo ni maneno ya mwenyeji kwa mgeni. Na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, aliyesoma Leipzig na baadaye kufundisha miaka mingi hapo hapo Bayreuth, hakuacha kuandika kwa sababu ya theluji. Riwaya yake Dunia Yao ilitoka mwaka 2006, katika miaka yake ya kufundisha kule.

Najua nitajibiwa. Wako watakaoniambia: Je, mwenye uchungu hana haki ya kulia? Anayo, tena kamili. Giza la saa kumi jioni mwezi wa Desemba si mzaha. Ada na kodi ya chumba si mzaha. Na kuna uchungu ambao sitausahau, wa kupokea habari ya msiba kwa simu, ukajua kwamba wenzako wanazika leo alasiri na wewe uko darasani. Simnyimi mtu kilio chake. Ninachosema ni kwamba kilio kisichotaja kitu hakimfikii anayeliliwa. Mwombolezaji mwema wa kwetu hasemi tu "nina huzuni". Humtaja marehemu kwa kofia yake, kwa namna alivyokohoa, kwa kiti alichokipenda. Taja basi saa ya darasani ilikuwa ngapi msiba ulipokufikia. Taja ulikuwa umeshika kalamu ya rangi gani. Hapo tutalia pamoja nawe.

Wengine, hasa walinzi wa lugha, wataogopa kwamba tukiwahimiza vijana waiandike miji ya kigeni, mashairi yatajaa maneno ya kigeni. Hofu hiyo naiheshimu, lakini naiona imegeuzwa. Lugha hupungua pale mtu anapoishi miaka mitano mahali, akaona, akapenda, akagombana, akapikia jikoni na watu wa mataifa kumi, kisha akaamua kwamba yote hayo hayasemeki kwa Kiswahili. Hulia kwa Kiswahili, na yote mengine huyaeleza kwa Kiingereza. Huko ndiko tunakopoteza. Kidogo kidogo Kiswahili kinakuwa lugha ya kukumbukia tu, na lugha ya kukumbukia tu haikawii kuwa lugha ya wazee. Anayehangaika kutafuta neno la kile chuma cha joto kilichokaa ukutani chini ya dirisha lake anaitumikia lugha kuliko anayerudia "baridi inanichoma" mara ya mia.

Nimelisema vibaya neno ughaibuni, na haki yake niitimize, kwa sababu ghaibu ina maana ya pili ambayo tumeisahau. Mtu akisoma bila kutazama kitabu, tunasema amesoma kwa ghaibu. Kitabu hakipo, ila maneno yako moyoni. Huo ndio ughaibu ninaomtakia kijana wetu. Kabla begi halijapimwa, ajifunze kwa ghaibu beti ishirini za wakongwe wetu, na nyimbo mbili tatu za bibi yake. Hazina uzito na mzani wa uwanja wa ndege hauzisomi. Usiku wa ukimya zitamtosha kuliko kilo mbili za dagaa. Kisha, akiisha kuwa na hizo moyoni, asitunge tena zile zile. Atazame dirishani na aandike kilichoko nje.

Na sisi tuliobaki tunao wajibu wetu. Tunaohariri, tunaoendesha kumbi za ushairi, tunaosahihisha vina vya vijana kwa ukali na furaha, tumekuwa tukiwapigia makofi kwa kulia vizuri. Tuwaulize maswali ya mama. Shairi likija kutoka mbali, kabla ya kuhesabu mizani, tuulize: unakaa na nani? Dirisha lako linatazama wapi? Mwenyeji wako amekwisha kukupa jembe, au bado unahesabu siku?

Mimi nilijibu kwa kuchelewa. Miezi minne baada ya ile simu nilimsomea mama ubeti mwingine. Si ubeti mkubwa, na mjuzi ataona mahali pa kuukwaruza, lakini ndani yake mna mtu, mna nyumba, na mna hali ya hewa:

Nilikwenda kwa karani, jina langu kuandika,
Nyumba ipi mtaani, ambayo nimejiweka,
Nikatoka barazani, theluji ikidondoka,
Mjumbe wa ugenini, kwake nimetambulika.

Mama alicheka pale penye mjumbe. Akataka kujua kama naye anachelewa kufika ofisini, na kama mtu akienda bila ya chochote mkononi anasaidiwa. Tulizungumza saa nzima, mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu niondoke. Kwa mara ya kwanza aliweza kuniona nilipo.